Supu ya Mbatata ya Alhamisi

Eda ya mama ilikwisha Jumatano wakati wa magharibi. Alhamisi asubuhi nilimkuta ukumbini, amekaa kwenye ukingo wa kochi, buibui limeshafungwa, viatu miguuni, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amefika na chetezo cha udi na chupa ya manukato. Mwanamke aliyefiwa na mume hajitii harufu nzuri wala hatoki nyumbani kwa miezi minne na siku kumi, na siku ya kutoka wenzake humfukiza na kumpaka mafuta. Mama aliusukuma mkono wa shangazi taratibu.

"Wacha kwanza, wifi. Udi haukimbii."

"Sasa unakwenda wapi na harufu ya sabuni ya kufulia?"

Mama alinigeukia mimi.

"Gari lina petroli?"

"Lina."

"Nipeleke Nizwa, kwa yule Mjerumani. Nataka kula ile supu."

Shangazi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemtia mama maneno mdomoni. Sikuwa nimemtia neno lolote. Nilikwenda kutafuta funguo.

Habari ya supu ni ndefu kuliko umri wangu. Baba alipokuwa kijana Unguja, kabla hajaoa, alipelekwa na vijana wenzake Ujerumani ya Mashariki kujifunza ufundi wa mabomba. Alikaa huko baridi mbili. Alirudi na ufundi, na koti zito la sufi ambalo hakulivaa tena maisha yake yote, na hadithi ya supu ya mbatata. Ilikuwa supu ya kantini. Mama mmoja mwenye mikono minene aliichota kwa upawa kutoka kwenye pipa, wakati theluji inaanguka nje na vijana wa Unguja wamekaa na kofia vichwani wakitetemeka. Baba alisema supu ile ndiyo iliyomzuia asirudi nyumbani wiki ya kwanza.

Baadaye alioa, na baadaye yeye na mama wakahamia Omani, kwa mababu zao, wakakaa Izki. Koti likatundikwa kabatini. Kila baridi ilipoingia, hiyo baridi yetu ya kuvaa soksi tu, baba alianza kuisimulia supu. Mama akampikia. Alimwelekeza mwenyewe: mbatata, karoti, kitunguu, chumvi, basi. Mama aliionja akasema inafanana na maji ya kuoshea sufuria, akakamua ndimu. Mara ya pili akatia manjano ili angalau ionekane chakula. Msimu wa embe akatia embe mbichi. Baba alikuwa anakula kijiko cha kwanza, anatazama dari, halafu anasema, "Bado kidogo." Kisha anakula mpaka chini na kulifuta bakuli kwa mkate.

Nililikuta neno hilo nyumbani kama nilivyokuta milango na madirisha. Sisi watoto tulikuwa tukicheza nalo. Mtu akichora kitu tunamwambia bado kidogo. Mama hakucheka. Yeye ni mwanamke wa Mjini Unguja, alifundishwa kupika na bibi yake, pilau lake lilikuwa likiombwa na watu wa mbali, na palikuwa na kitu kimoja duniani ambacho mumewe alikitaka na yeye hakukiweza. Alijaribu miaka arobaini na kitu. Miaka mitatu kabla baba hajafa aliuweka mwiko chini akasema, "Sipiki tena. Kapike mwenyewe." Baba hakujibu. Supu ikafa nyumbani kwetu siku hiyo.

Mwaka mmoja hivi kabla ya kifo chake, karibu na Ramadhani, nilipita Izki kubadilisha nguo. Mimi ndivyo nilivyo. Niliacha skuli mapema, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimeuza majani ya mbuzi Sinaw, nimebeba mabomba milimani Dima wa Tayyin, nimefungua injini Ibra bila ya kuwa fundi. Kila kazi niliingia kwa sababu nilitaka kujua inavyofanyika, na nilipojua nikaondoka. Siku hiyo baba alinionesha picha kwenye simu yake. Nyumba ya udongo, mlango wa mbao, kibao cha maandishi ya Kijerumani.

"Wamefungua mkahawa Nizwa," alisema. "Nipeleke."

"Wiki ijayo, inshaallah."

Wiki iliyofuata nilikuwa Sur, kwenye kiwanda cha barafu, nikitazama jinsi maji yanavyogeuka kuwa mawe meupe marefu kama majeneza. Sikurudi mapema. Kila alipopiga simu nilisema wiki ijayo, na baada ya muda akaacha kulitaja.

Alikufa asubuhi ya siku ya kazi. Simu yangu ilikuwa kabatini, mimi nikiwa ndani ya chumba cha baridi. Walimzika kabla ya alasiri. Mimi nilifika siku ya tatu ya matanga, wanaume wanakunja mazulia. Walinipa mkono mmoja mmoja na kusema yanayosemwa. Nilikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya. Pua inawasha, unafungua mdomo, halafu hakuna kitu. Tangu siku hiyo nikawa kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno, anagusa mdomo wake kwa kidole na kuona ni wa mtu mwingine. Nilikula kwa sababu sahani imewekwa. Nililala kwa sababu taa imezimwa.

Nilibaki Izki kwa ajili ya eda. Lazima awepo mtu wa kununua vitu na kufungua mlango, na dada zangu wako Maskati na watoto wao. Mama alikaa chumbani kwake, nguo nyeupe, bila wanja, bila pete. Alasiri nilikuwa nikimpelekea chai. Siku moja, katikati ya habari nyingine kabisa, bei ya vitunguu nadhani, alisema:

"Nasikia yuko Mjerumani ana mkahawa Nizwa. Nataka niionje hiyo supu yao. Nataka nijue nilikuwa nakosea wapi."

"Ya nini tena, mama?"

"Ya nini? Mtu ameishi na mimi miaka hamsini ananambia bado kidogo. Nataka nijue hicho kidogo ni kitu gani. Nife nikijua."

Sikumwambia kwamba baba alitaka kupelekwa. Nilichukua kikombe nikaenda kukiosha.

Basi Alhamisi hiyo tulikwenda. Kutoka Izki mpaka Nizwa si mbali. Mama alitazama nje kama mtoto anayetoka hospitali. Alitaja kila kitu kilichobadilika. Ile nyumba wameipaka rangi. Ile mitende wameikata. Mzunguko wa magari umewekwa birika kubwa la kahawa, nani ameamua mambo haya? Nilisema sijui. Kwa kawaida ningesimama niulize.

Mkahawa ulikuwa nyuma ya soko, kwenye mtaa wa zamani wa nyumba za udongo ambao sasa nusu yake ni vyumba vya wageni. Mama alipita mlangoni kwa kuinama. Ndani palikuwa na meza nne tu. Kuta nene, dari ya magogo ya mitende, na kwenye vidirisha vya mbao mtu ametundika mapazia madogo ya kimia. Vitambaa vya meza vilikuwa vya miraba, vyekundu na vyeupe. Mito ya viti imefumwa kwa mkono. Kwenye rafu ukutani palikuwa na safu ya chupa za matango ya siki, na pembeni yake picha ya kijiji kilichofunikwa na theluji. Pote palinukia siagi. Nakumbuka niliona kwamba ni mahali pazuri. Niliona tu, kama unavyosoma neno "pazuri" kwenye gazeti.

Mwenye mkahawa alitoka jikoni akijifuta mikono. Mwanamke wa miaka kama sitini, mrefu, kitambaa kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mumewe ni mwenyeji wa Nizwa, na ameishi hapa miaka mingi. Alitusalimu kwa Kiarabu. Mama alimjibu kwa Kiarabu. Kiarabu cha mmoja kilipitia Ujerumani na cha mwingine kilipitia Unguja, lakini walielewana bila ya kunihitaji.

"Supu ya mbatata," mama alisema kabla hata hajakaa vizuri. "Ipo?"

"Ipo, mama. Alhamisi ipo siku zote."

"Nipe moja. Na huyu mpe anachotaka."

Niliomba madonge ya mbatata na nyama ya ng'ombe, kwa sababu yalikuwa ya kwanza kwenye ubao wa vyakula. Halafu nikamuuliza magogo ya dari yana umri gani, na kuta hizi anazipaka udongo mara ngapi, na siki ya matango anaitoa wapi. Alinijibu yote kwa furaha. Sikusikia jibu hata moja. Kuuliza kwangu ni kama kupumua, hakungoji mimi nitake.

Mkate uliletwa kwanza, mweusi, mzito. Mama aliupima kiganjani.

"Huu mkate au tofali?"

"Ndio wao, mama."

"Maskini baba yako. Ndiyo maana alikuwa na meno yale."

Supu ikaja. Bakuli jeupe la kina. Mama alikuwa amejiandaa. Aliinua niqabu yake kidogo, akasema bismillahi, akashika kijiko. Kisha akakisimamisha hewani.

Supu ilikuwa ya manjano.

Aliinusa. Akaonja. Akakiweka kijiko chini, akakichukua tena, akaonja mara ya pili akiwa amefumba macho. Alipoyafungua alinitazama mimi, na hayakuwa macho ya mwanamke aliyetoka eda jana.

"Wee. Umekuja hapa lini?"

"Sijawahi kuja, mama."

"Usinifanye mtoto mie. Nani kawapa supu yangu?"

"Supu gani yako?"

"Onja!"

Niliona kuna mbatata. Niliona kuna uchachu. Nilimwambia sijui, kwangu mimi kila kitu siku hizi kina ladha moja. Aliniacha. Alimwita yule mwanamke kwa mkono, kama anavyowaita wauza samaki.

"Dada, njoo. Hii ni supu ya Kijerumani?"

Yule mwanamke alicheka, akaona haya. "Kusema kweli, mama, ilikuwa ya Kijerumani. Sasa ni supu ya Sheba."

Sheba kwa watu wa Omani ni mzee yeyote mwenye mvi.

"Sheba gani?" mama aliuliza.

"Mzee mmoja. Alikuja baridi ya mwaka juzi, akakaa pale." Alionesha meza ya dirishani. "Alinisalimu kwa Kijerumani! Kijerumani cha zamani, kama cha babu yangu. Nilifurahi nikakaribia kulia. Nikampikia supu ya bibi yangu, jinsi inavyopikwa kwetu, bila kupunguza kitu. Akala kijiko kimoja, akatazama dari."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya meza. Niliona vidole vinajikunja kwenye kitambaa.

"Akasema nini?"

"Akasema, bado kidogo."

Alilisema kwa Kiswahili, na *d* ngumu ya kwao, na *o* tatu za duara. Alituambia alidhani ni Kiarabu cha Izki. Alikwenda kumuuliza mumewe, na mumewe akamwambia watu wa Izki wana maneno yao wenyewe, asihangaike nao.

Yule mwanamke aliendelea, maana alikuwa anaipenda hadithi yake na bila shaka aliwahi kuwasimulia wageni wengine.

"Nilimuuliza imepungua nini. Hakujua kueleza. Alhamisi ya pili akaja na ndimu mfukoni. Alhamisi ya tatu akaja na manjano amefunga kwenye karatasi. Embe zilipoanza akaleta embe mbichi, moja, kubwa, ameikumbatia hivi. Kila mara nabadilisha, kila mara anakula mpaka chini na kufuta bakuli kwa mkate, na kila mara neno ni hilo hilo. Wateja wengine wakaipenda, nikaiacha ubaoni. Lakini yeye hajapata kusema sasa ndiyo."

"Kila Alhamisi?" mama aliuliza.

"Kila Alhamisi."

Mama aliinamia bakuli na kusema na supu kwa Kiswahili. "Kupima presha. Namfungia tende, namfungia maji, eti anakwenda kupima presha. Miaka miwili. Presha ya nani hiyo, ya ngamia?"

"Mnamjua?" Yule mwanamke alikuwa amevaa miwani yake na anatutazama kwa zamu. "Hajaja siku nyingi. Nimemwekea supu Alhamisi zote. Mzima?"

Kwa desturi lilikuwa jukumu langu mimi, mwanamume, mtoto. Nilimwambia mzee amefariki, na nilisema kama ninavyosema duka limefungwa. Kisha nikaona haitoshi, nikaongeza, "Huyu ndiye mkewe. Mimi ni mwanawe."

Aliketi kwenye kiti cha tatu bila kukaribishwa, akajifunika mdomo kwa aproni. Alilia waziwazi, mabega yanatikisika, na mama, ambaye eda yote sikumwona akilia mbele ya mtu, alimpapasa mgongo na kumwambia subira, dada, subira, kama vile mfiwa ni yeye. Mimi nilitazama meza ya dirishani. Ilikuwa na kiti kimoja kinachotazama nje.

"Alianza kuja mwaka juzi?" niliuliza.

"Baridi ya mwaka juzi."

Aliponionesha picha kwenye simu ilikuwa mwaka jana, karibu na Ramadhani. Nilihesabu mara mbili. Wakati anasema wamefungua, nipeleke, alikuwa ameshakula hapa zaidi ya mwaka mzima. Yule mwanamke alisema jirani wa mzee alikuwa akimshusha mlangoni asubuhi, na kurudi alirudi kwa teksi. Hakuwa na shida ya gari.

"Alikuja peke yake siku zote?"

"Siku zote. Ila mara moja aliniomba niongeze kiti. Alisema mwanawe anakuja." Alinitazama, akajuta. "Pengine ulikuwa na kazi."

"Nilikuwa na kazi," nilisema.

Mama alinigeukia. "Alikwambia uje naye?"

"Aliniambia."

"Na wewe?"

"Nilimwambia wiki ijayo."

Nilingoja anipige kwa maneno. Anajua kupiga kwa maneno kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alilichukua tofali la mkate, akalikata katikati kwa mikono yake miwili, kwa taabu, maana viungo vyake vinamuuma, akaniwekea nusu mbele yangu. Kisha akarudi kwenye jambo lililomleta.

"Dada," alimwambia yule mwanamke, "futa machozi. Niambie kitunguu unakikaanga vipi."

"Kitunguu?"

"Cha supu. Unakikaanga vipi?"

"Kwa siagi, moto mdogo, polepole. Kinalainika, kinang'ara kama kioo. Hakibadiliki rangi."

"Ehee," mama alisema. Akainuka. "Jiko liko wapi?"

Jiko lilikuwa dogo kuliko la nyumbani. Nilisimama mlangoni, kwa sababu watu watatu hawakuenea. Mama alivua pete ambayo alikuwa ameivaa asubuhi ile kwa mara ya kwanza, akanipa nimshikie. Alikata kitunguu kiganjani, bila ubao, kama anavyokata siku zote, akakitia kwenye kikaango na kuwasha moto mpaka mwisho. Siagi ikaanza kupiga kelele.

"Mie sijapata kuipika supu ile nikiwa nimetulia," alisema, kwa Kiarabu, lakini nadhani alikuwa anasema na mimi. "Mara mtoto analia. Mara jirani yuko mlangoni. Mara adhana. Narudi, kitunguu kimeungua. Kila mara. Natia ndimu ili asijue. Nikafikiri ndipo ninapoharibu, lakini nitupe kitunguu, na chakula kimeshachelewa?"

"Mama, kinaanza kuungua," yule mwanamke alisema.

"Naona."

"Mama, punguza moto, tafadhali."

"Wacha."

"Kimeungua! Kimeungua kabisa!"

"Bado kidogo," mama alisema.

Halafu akasikia alichosema. Aliusimamisha mwiko. Yule mwanamke naye alisikia, na wakatazamana juu ya kikaango kinachotoa moshi, na sijui ni nani aliyeanza, ila walicheka mpaka mama akashika ukingo wa jiko. Kucheka kule kulikuwa na kilio ndani yake, lakini kulikuwa ni kucheka. Mimi nilikuwa na pete kiganjani. Nilikuwa naiona ina joto la mkono wake.

Alikimimina kile kitunguu cheusi ndani ya sufuria ya supu, akakoroga, akafunika. Hakutazama saa. Alipofunua alionja, akameza.

"Ndiyo hii," alisema. "Hii ndiyo niliyokuwa nampa."

"Lakini na wewe alikwambia bado," yule mwanamke alisema.

"Na mimi aliniambia bado."

Alisimama hapo na kijiko. Nilimwona anaifikiri habari yote tangu mwanzo wake. Kantini ya theluji, miaka arobaini na kitu ya kutazama dari, siku aliyouweka mwiko chini na mumewe asijibu, na baada ya hapo mzee mwenye ndimu mfukoni anasafiri kila Alhamisi kwenda kwa mgeni kutafuta kitu ambacho kilikuwa kikipikwa chumba cha pili na ameshindwa kukiomba.

"Mjinga yule," mama alisema. "Angesema tu."

Alinijazia bakuli mimi kwanza, nikiwa nimesimama. Nilikula. Uchachu, wanga, chumvi. Halafu, upande mmoja wa ulimi, nyuma kabisa, uchungu wa kitunguu kilichoungua. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wangu, niliujua tangu utotoni. Ulikaa hapo. Nilikwenda kwenye ile meza ya dirishani na bakuli nikalimaliza, na nikalifuta kwa nusu yangu ya mkate. Madonge yangu yalikuwa yamepoa kwenye meza nyingine, na mama akayala, akasema hayana kosa ila yanataka pilipili.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, yule mwanamke alileta chetezo. Wenyeji wa Omani wakikufukiza wanakuaga; mgeni akishatiwa moshi anainuka. Alisema zamani hakujua, alikuwa akiwapokea wageni kwa chetezo mlangoni na wengine wakigeuka na kurudi walikotoka bila ya kula. Hakutuambia ni nani aliyemfundisha. Mama alilifungua buibui lake kidogo, akasimama juu ya moshi wa udi, macho ameyafumba, akauacha upande kwenye nguo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Halafu akanyoosha kidole, nikamrudishia pete.

Barabarani hakutaja mzunguko wala mitende. Tulipokaribia Izki alisema:

"Alhamisi ijayo napika nyumbani. Yule dada anakuja na mumewe. Utakuwepo?"

"Inshaallah."

"Sikukuuliza inshaallah. Nimekuuliza utakuwepo."

"Nitakuwepo."

Shangazi alikuwa bado yuko ukumbini, amekasirika, chetezo chake kimezima. Alimsogelea mama, akamnusa begani, akarudi nyuma hatua moja.

"Wifi! Mwanamke anatoka eda ananuka kitunguu?"

"Kilichoungua," mama alisema, akaenda chumbani kubadilisha nguo.

Niliutundika ufunguo kwenye msumari wake. Sur walikuwa wameniambia niwapigie Jumamosi kama nairudia kazi. Jumamosi nilikwenda sokoni kununua mbatata.